Majina Yaliyopitia Sakania

Lubumbashi, Jumapili tarehe 8 Februari 1981
Mwezi wa tisa tangu nipande treni pale Sakania

Mama Chola,

Nimekaa kwenye kitanda cha chumba changu hapa Naviundu, mvua inapiga mabati, mgongo unaniuma, lakini ni mzima. Donat kaka yako atakupa barua hii akishuka kazini kwenye treni yake. Mpe chakula, amekonda.

Unauliza ninafanya kazi gani hasa, maana ulisikia niko kwenye jumba lenye baridi kama chumba cha nyama. Ni kweli. Kampuni ya shaba ina mashine ya kuhesabu, wanaiita ordinateur, na mashine hiyo haipendi joto. Watu wanavaa makoti Lubumbashi hii hii unayoijua. Mimi nabeba makasha ya karatasi. Ni karatasi moja ndefu iliyokunjwa, ina matundu pembeni, na mashine ya kuchapa inaila kwa kelele kama bati linaloburutwa. Ikiisha naweka kasha jingine. Kwa ajili ya conjoncture, hali hii ngumu ya uchumi, karatasi hazipatikani, na mkubwa wa jumba, Kalaba, ametuonya: hakuna kutupa hata jani moja. Basi mimi nasimama pale mpaka jani la mwisho lipite kabisa, ndipo nafungua kasha jipya. Wenzangu wanaona uvivu kusimama. Mimi nimezoea.

Ila mashine imeanza kufa. Inanyamaza ghafla, taa zinasimama zilivyo, halafu watu wanashinda kutwa kuiamsha. Ikifa inatoa rundo la karatasi zenye namba tupu. Mumba, mkubwa wa wanaoandika programu, anazipekua jani kwa jani. Juzi ilipokufa tena, Kalaba aligeuka akaniangalia. "Kapya, njo weye tena?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Likizo yangu ya Pasaka huenda ikachelewa. Kazi ni nyingi. Mwambie Chola nimeona kitambaa cha pagne ambacho angekipenda.

Mume wako,
Kapya


Sakania, 26 Februari 1981

Citoyen Kapya,

Nakuita citoyen, raia, kwa sababu umeniandikia kama mtu anayehutubia uwanja. Yote mazuri, na hakuna kitu ndani.

Donat alipita kwenye jumba lako lenye baridi kukuletea dagaa za ndakala nilizotuma. Alikukuta nje, umekaa juu ya kasha, saa za kazi. Akapita tena wiki iliyofuata, bado uko juu ya kasha. Kwenye behewa la abiria alisikia watu wawili wasiomjua wakisema kwamba kule kwa Kampuni kuna "muntu wa Sakania, iko na mukono mubaya, akikaribia mashine inakufa." Donat alitaka kupigana nao. Nilimwambia afadhali hakupigana, angefukuzwa naye nikabaki na wawili wasio na kazi.

Mama yako amesikia pia. Tayari ana dawa kwenye chupa, anataka nikutumie unawe. Nimekataa. Nimemwambia mume wangu aliunganisha mabehewa hapa stesheni tangu tuoane na hakuna behewa lililokufa mkononi mwake.

Jambo lingine. Mumba ni mwanamke. Anaitwa Hortense, ana miwani, na alikuletea chai pale nje mbele ya macho ya Donat. Kwenye barua zako ni Mumba tu, mkubwa, mkubwa. Sijasema kitu. Nimeandika tu kwamba najua.

Sasa anza upya. Kwanza kasha.

Marceline,
ambaye ni mke wako hata sasa


Lubumbashi, Jumapili tarehe 15 Machi 1981

Mama Chola,

Chai ilikuwa ya watu wote. Mimi ndiye niliyekuwa nje, ndiyo maana ilibidi mtu ailete. Ana mume, anafundisha hesabu chuoni Kasapa, na watoto wanne. Tuliache hilo.

Nilikuficha kwa sababu ukilia mimi siko hapo. Lakini hukulia, umenitukana, basi nakuambia.

Mashine ilikufa mara nne, na mara zote nne mimi nilikuwa karibu nayo. Siwezi kusema uongo, nilikuwepo. Kalaba alinitoa. Alisema nisivuke mlango mpaka baraza la nidhamu likae. Tangu siku hiyo mashine haijafa hata mara moja. Fikiria hilo. Kila asubuhi nakaa juu ya kasha nikiomba mashine ife, lakini nasikia kelele zake zinaendelea vizuri, na watu wanapita wakiniangalia kwa huruma. Wengine hawapiti karibu tena. Mmoja alihamisha sahani yake ya bukari nilipokaa kula.

Baraza ni Jumanne tarehe 28 Aprili. Wakinikuta na kosa wataandika kwamba niliharibu mali ya taifa, na neno hilo litanifuata kila mahali Kampuni inapochimba, mpaka Kolwezi. Nitarudi kwako na mkono mbaya, na Chola ataposwa kama binti wa mtu huyo. Ndilo linaloninyima usingizi, kazi yenyewe si kitu.

Mumba haamini habari ya mkono. Alinieleza jambo na nitalieleza jinsi nilivyolielewa. Ndani ya mashine kuna programu moja kubwa inayotawala zote, wanaiita système. Iliandikwa Ulaya na wale waliotengeneza mashine. Walipokuwa wakiiandika, kila kipande walikipa jina, ili wasipotee. Walipotuuzia waliyafuta majina yote. Nikamuuliza kwa nini. "Mashine haiyahitaji, Ba Kapya," akasema. "Ni bantu njo banayahitaji." Kwa hiyo mashine ikifa inachapa namba ya mahali ilipofia, na namba hiyo haina maana kwa mtu yeyote hapa. Majina yapo, yamewekwa kwenye bande, yaani utepe uliozungushwa kama gurudumu. Iko kwenye kabati, na ufunguo anao fundi wa kutoka Ulaya. Akija anafungua, anaangalia peke yake, anafunga, anaondoka. Mumba alimwomba. Alijibu kwamba majina si kitu cha wateja.

Sasa Mumba amewaandikia watu wa Ndola, ng'ambo ya mpaka wenu, ambao wana mashine kama hii. Amewauliza wao wanafanya namna gani.

Nilimuuliza: na kama majina yakija yakaonyesha ni mimi? Alivua miwani akaifuta. "Basi tutajua," akasema. Hakunibembeleza, na hilo lilinitia nguvu.

Mwambie mama asitume chupa.

Kapya


Lubumbashi, 9 Aprili 1981

Mama Chola,

Naandika haraka, Donat anangoja.

Ndola wamejibu. Wao majina wanayo siku nyingi. Waliyaomba kwa barua kwa watengenezaji wenyewe na wakapewa bila maneno. Yeyote aliyenunua mashine ana haki nayo, akiomba. Huku hakuna aliyewaomba wao kwa sababu fundi alisema hayatolewi, na sisi tukanyamaza. Mumba ameandika Ulaya, na ruhusa imefika kwa telex. Ndola wametoa nakala ya bande wakaipakia kwenye treni.

Hiyo ni kabla ya mwezi huu kuanza, na hapa haijafika. Mizigo yao hushushwa Sakania kwenye stoo ya wakala wa mizigo, yule aliye nyuma ya stesheni. Nenda ukaangalie. Ni boksi bapa lenye gurudumu la plastiki ndani. Isikae juani, isifunguliwe, isiwekwe karibu na sumaku. Baraza ni tarehe 28.

Sina mtu mwingine wa kumwomba.

Kapya


Sakania, Jumanne baada ya Pasaka, 21 Aprili 1981

Baba Chola,

Iko njiani, au itakuwa njiani Jumamosi. Kaa chini nikueleze, maana nilikaribia kuiharibu mimi mwenyewe.

Mwenye stoo ni Anaclet, yule mnene anayenunua vitumbua vyangu kwa mkopo wa maneno. Boksi lilikuwa kwenye rafu yake ya juu, limefunguliwa. Siku ya kwanza alikataa hata nisiliguse. "Mama Chola, hii ni cinéma. Cinéma inatoka inchi ya bengine, inangojea karatasi ya ruhusa."

"Si cinéma, Ba Anaclet."

"Nimeona na macho. Ni gurudumu, iko na bande. Nilivuta kidogo nikaangalia kwa jua, picha hazionekani. Labda ni picha za mubaya, njo maana bamezificha."

Nilipanda kwenye kiti chake nikalichukua boksi, nikaliweka chini nikalikalia, asivute tena. Akasema nitoke. Nikasema siwezi, miguu imekufa ganzi. Ndipo akauliza: kama si cinéma, ni nini?

Na mimi nikajibu, "Ni majina."

Uliponiandikia neno hilo halikunitisha. Lakini ungemwona Anaclet. Aliweka kalamu chini. Akaenda akafunga mlango. "Majina ya bantu gani?" akauliza, polepole. Niliona kosa langu. Mpakani hapa, gurudumu la majina kutoka ng'ambo, majina yasiyoonekana kwa macho, yanakwenda Lubumbashi. Nilimwambia si ya watu, ni ya vipande. Akasema kila mtu anayekamatwa husema hivyo. Alitaka kwenda kuwaita watu wa Chama.

Nikamwambia, "Baite. Batauliza imelala kwako tangu lini."

Alikaa. Alikuwa anatoka jasho mpaka shati likagandama. Kuibakiza stoo aliogopa, kuitoa aliogopa, kuwaita wakubwa aliogopa zaidi. Nilimwacha aogope mpaka achoke. Halafu nikamwambia, "Ipeleke weye mwenyewe. Safiri na Donat, uiweke kwa magoti. Kule bataisoma mbele yako. Ukiona jina la muntu hata moja, rudi nayo, mimi nitakusindikiza kwa Chama kwa miguu yangu."

Amekubali. Anasafiri Jumamosi. Nimemfungia vitumbua kwenye kitambaa na kumwambia vya asubuhi ni vya asubuhi. Hatavifikisha hata stesheni ya Tshinsenda.

Mpokee vizuri. Ni mwoga, lakini si mtu mbaya.

Marceline


Lubumbashi, Jumapili tarehe 3 Mei 1981

Mke wangu,

Niko ndani ya jumba tena. Nimekuandikia hilo kwanza ili usome mengine umetulia.

Anaclet alishuka Jumapili na boksi kifuani kama mtoto mgonjwa, na vitumbua vilikuwa vimekwisha. Alilala chumbani kwangu. Anakoroma. Jumatatu asubuhi Mumba aliipokea bande, akaipachika kwenye mashine, na Anaclet akakaa karibu yake kwenye kiti, amejifunika blanketi langu kwa ile baridi, hatoi macho. Mimi niliwaona kupitia dirishani.

Jumanne baraza lilikaa. Walikuwa watu watano mezani na Kalaba amesimama. Alisema yake na hakusema uongo: mara nne imekufa, mara nne Kapya yupo, Kapya ametolewa, haijafa. Wakaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Mwenyekiti akaanza kuandika.

Ndipo Mumba akaomba neno. Alikuwa na marundo yote manne ya namba, na pembeni mwa kila namba sasa kulikuwa na jina. "Hapa tulikuwa vipofu," akasema. "Leo tunaweza kusoma." Mashine ilifia mahali pamoja mara zote nne. Kipande hicho kinaitwa FINPAPIER. Karatasi imekwisha. Mezani hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Kabla mwenyekiti hajajibu, Anaclet aliinuka na blanketi lake. Alisema anataka aone yote. Mumba akampa karatasi, na yeye akasoma kwa sauti kama mwalimu anayeita darasa: OUVRELIGNE, LIREDISQUE, ATTENTE, FINPAPIER, na mengine mengi. Alipofika mwisho akakunja karatasi. "Nathibitisha hakuna muntu humu," akasema.

"Na weye ni nani?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi ni stoo ya Sakania."

Mumba akaeleza. Kipande kile kinaamka wakati mmoja tu, pale jani la mwisho linapopita na mashine haina karatasi kabisa. Kiliandikwa vibaya kule Ulaya. Badala ya kungoja, kinaangusha kila kitu. Wenzangu hawasubiri jani la mwisho. Wanaona uvivu, wanabadilisha kasha kabla halijaisha na kutupa kilichobaki, kwa hiyo hawakukiamsha kamwe. Mimi peke yangu nilikuwa nangoja, kwa sababu Kalaba alisema hakuna kutupa hata jani moja. Nilikuwa naiua kweli, Marceline. Niliiua kwa kutii.

Kalaba hakukubali. "Ni maneno ya karatasi. Mimi naona mukono wake tu."

"Basi tia mukono yako," Mumba akamwambia.

Tuliinuka wote. Mwenyekiti akaamuru nipelekwe ng'ambo ya barabara, na Anaclet anilinde nisikaribie. Tulisimama pale chini ya ukuta. Kwa dirisha nilimwona Kalaba, na koti lake, amesimama mbele ya mashine ya kuchapa anangoja jani la mwisho lipite kama nilivyokuwa nangoja mimi. Kelele ikaendelea. Halafu ikakatika. Taa zikasimama.

"Imekufa?" Anaclet akauliza.

"Imekufa."

"Na weye uko hapa na mimi."

"Niko hapa na weye."

Alinipa mkono. Aliushika huu huu wa kulia, mbele ya watu waliokuwa wanapita, na hakuuachia mpaka walipotuita.

Kalaba alitaka kunipa karatasi yenye muhuri kwamba sina kosa. Nilimwambia, "Mukubwa, ulinitoa kwa mdomo mbele ya bantu. Unirudishe kwa mdomo." Nilidhani nimejiharibia. Akavua kofia yake akasema, "Kapya hakuiua. Nilisema yeye, na nilikosa. Aingie." Alisema vizuri, kwa sauti, na aliyetaka kusikia alisikia. Yule aliyehamisha sahani yake alinibebea kasha la kwanza.

Mumba hakuishia hapo. Alimwambia mkurugenzi bande isifungiwe tena kabatini. Iwekwe kwenye rafu ya wazi, na kila mtu anayetumia mashine aweze kuichukua, awe mkubwa au mwanafunzi. Mkurugenzi akauliza kama hiyo si hatari. "Hatari tumekwisha kuiona, bwana mkurugenzi," akasema. "Ilikuwa imekaa nje juu ya kasha." Mkurugenzi akatia sahihi.

Alhamisi fundi wa Ulaya akafika na ufunguo wake. Aliiona bande kwenye rafu, akafungua kabati lake, akatoa ya kwake, akazilinganisha. Ya kwake ilikuwa ya zamani, majina mengine hayakuwemo. Ilibidi aombe kuazima ya kwetu. Mumba alimpa mara moja, hakumngojesha, na hilo ndilo lililomfanya fundi awe mwekundu. Naye ni mtu wa kazi: ameshakirekebisha kile kipande, tukangoja jani la mwisho wote pamoja, na mashine ikaomba karatasi kwa adabu.

Nakala zimekwenda Likasi na Kolwezi. Vijana wa Kasapa walikuja wenyewe na kuondoka nayo wakiipokezana. Ninayezifunga kwenye maboksi ni mimi.

Kapya


Sakania, 20 Mei 1981

Baba Chola,

Barua yako nimemsomea mama yako. Pale Kalaba alipovua kofia alinisimamisha, akasema nirudie. Halafu akaenda nyuma ya nyumba akamwaga chupa yake, hakuniambia, nilisikia tu.

Anaclet hazungumzi kingine. Kwa masimulizi yake wewe ulikuwa mlangoni mwa gereza na yeye alisoma majina mpaka walinzi wakalia. Siku hizi analipa vitumbua papo hapo.

Nami nilikuficha jambo. Mwezi wa tatu watu wa yule kijana anayemposa Chola walikuja wakasema wangoje kwanza, mpaka habari ya mkono ijulikane. Sikukuandikia, ulikuwa na yako ya kutosha. Chola alijua. Alifua nguo za nyumba nzima hata zilizokuwa safi. Wiki hii wamerudi na kuku wawili na maneno matamu. Nimewajibu kwamba baba yake ndiye atakayesema, na baba yake ana kazi kubwa Lubumbashi, wangoje. Waliondoka na kuku wao.

Mshukuru Hortense kwa niaba yangu. Mwambie pia akipita Sakania na mume wake watakula kwangu.

Sasa niambie ni lini.

Marceline


Lubumbashi, Jumapili tarehe 7 Juni 1981

Mama Chola,

Kalaba ametia sahihi likizo yangu, mwezi mzima, na ile ya Pasaka niliyomdai ameiongeza bila kuombwa. Hortense amepokea salamu akacheka. Anasema kama ni bukari la Sakania atakuja kweli.

Waambie watu wa yule kijana waje Jumapili tarehe 21, na kuku wao. Sitawatukana. Nataka tu waniamkie mmoja mmoja, wanipe mkono, kuanzia mzee wao, na Chola akiwa amesimama pale anaona.

Mgongo umechoka na hewa ya baridi, na mwezi huu nataka kukaa juani kwenye kiti changu bila kunyanyua kitu. Kitambaa cha pagne nimekinunua.

Nitapanda treni ya Donat Alhamisi tarehe 18 Juni, na Ijumaa asubuhi nitakuwa stesheni Sakania. Injini yao ni mbovu, nimeisikia. Ikifia njiani, usimwambie mtu kwamba nilikuwa ndani.

Kapya